Uwanja Niliousiriba

Kila mtu hapa Iguguno ananiambia uwanja wa nyuma ya ofisi ya kijiji ni mzuri. Wananiambia wakiwa wamesimama juu yake na fimbo mkononi, wanapura alizeti. "Umetusaidia kweli, mama wee, hata punje moja haipotei." Nami najibu asante, kwa sababu nimelelewa. Moyoni naomba mvua inyeshe mwezi wa saba, na yote ishukie hapo hapo.

Uwanja ule haukuwa wa alizeti, ulikuwa wa netiboli. Niliutengeneza mimi na watoto, kwa udongo wa kichuguu na mavi ya ng'ombe, na nilitegemea unitoe hapa.

Nilimaliza kidato cha nne na matokeo ambayo hayakuniruhusu kuringa wala kulia. Shuleni tulipoulizwa unataka kuwa nani, darasa zima lilikuwa la madaktari na marubani. Mimi nilisema mwanasheria, kwa sababu nilikuwa na mdomo. Baada ya matokeo hakuna aliyetuuliza tena. Nilirudi kwa mama nikashika jembe, halafu nikashika mimba. Baba wa mtoto alikwenda machimboni kutafuta, na nadhani bado anatafuta, maana simu yake siku hizi haiiti kabisa. Mwanangu alipoanza kutembea nilikuwa nauza vitunguu kwenye barabara ya lami, nakimbilia madirisha ya mabasi na beseni kichwani. Kama ungeniuliza wakati ule nataka kuwa nani, ningekuambia nataka kuwa mtu aliyekaa.

Ndipo ukaja mradi wa watoto. Siutaji jina, ni refu na halina maana. Mratibu wake alikuwa dada wa Singida mjini, mtoto wa watu wa maduka, ushungi umepigwa pasi, Kiswahili chake laini kuliko chetu sisi tunaochanganya na Kinyiramba. Aliitisha mkutano akasema wanatafuta msichana wa kuchezesha watoto jioni, siku chache za wiki, kibarua cha nusu siku. Mwenyekiti wa kijiji hakumaliza hata kumsikiliza.

"Mpeni huyu," akaninyooshea kidole. "Ana mtoto tayari, hana pa kukimbilia."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa sababu mwenye shida ya kazi hucheka.

Mama aliposikia alisimamisha mwiko. "Kuchezesha watoto nayo ni kazi? Mimi nimewachezesha ninyi wote bure."

Siku za mwanzo nilikubaliana naye. Nilikaa kwenye jiwe, filimbi shingoni, mwanangu mapajani, nikiangalia wasitoboane macho. Wavulana walipiga chandimu, wasichana walicheza rede na kuruka kamba, wadogo walisukumana tu. Dada mratibu akaleta mpira wa netiboli na nguzo mbili za chuma zenye pete, akapiga picha, akaondoka. Shuleni nilikuwa nacheza netiboli, nafasi ya senta, basi nikawapanga wasichana, nikaanza kuwaonyesha bila kufikiri sana.

Kulikuwa na mmoja mrefu. Wenzake walimwita Twiga Kipofu, kwa sababu mpira ukimjia anafumba macho. Mpira unampiga kifuani, unaanguka, watoto wanaangua kicheko. Nilidhani ni mjinga, mpaka jioni moja nilipomkaribia na kuinua mkono nimpangie nywele. Alifumba macho vile vile. Nikaelewa kwamba nyumbani kwao kitu kikirushwa hakirushwi ili kidakwe.

Nilianza kumpa mpira mkononi, kama mtu anavyompa mwenzake kikombe cha chai. Halafu nikarudi nyuma kidogo, nikamrushia polepole. Halafu nikarudi tena. Wengine nikawapa kazi upande mwingine wasimwangalie. Mtama ulikuwa haujachanua tulipoanza, na ulipokuwa unaanza kuinamisha vichwa, yule binti alidaka mpira mbele ya kila mtu akiwa amefumbua macho yote mawili. Hakushangilia. Aliuangalia ule mpira, akaniangalia mimi, uso wake kama wa mtu aliyerudishiwa kitu kilichoibwa kwao zamani.

Jioni ile nilisonga ugali.

"Mama, najua ninachotaka kuwa."

"Nini?"

"Mwalimu wa michezo. Wa kusomea, wa cheti."

Mama alikoroga mlenda, akauonja, akaongeza chumvi. "Na mpira wenyewe unaliwa na mboga gani?"

Nilicheka siku ile. Nilikuwa na furaha ya kijinga ya mtu aliyejua jambo moja kwa uhakika. Miaka yote ya shule haikunionyesha, na kibarua cha jioni ambacho mtu mwingine angekichukua kwa ajili ya sabuni tu kilinionyesha. Nilianza kuona vitu. Nilijua mtoto gani hajala kwa jinsi anavyokimbia mwanzo na kusimama mapema. Nilijua nikimhamisha mmoja tu kutoka nyuma kwenda pembeni, kelele za mchezo mzima zinabadilika. Nilikuwa nalala nikiwapanga, naamka nikiwapanga.

Tatizo lilikuwa ardhi. Mbigili, kokoto, na vumbi ambalo upepo wetu wa Singida hauliachi litulie hata dakika. Watoto wanacheza pekupeku. Mmoja alichanika kisigino, mama yake akaja na kanga kiunoni. "Unawafundisha mpira au unawafundisha kilema?" Nikampigia mratibu kuomba saruji. "Bajeti haina sakafu, mpenzi," alisema. Kila kitu kwake kilikuwa mpenzi.

Basi nikakumbuka bibi yangu, mama yake mama. Bibi alikuwa na kiwanja cha kupuria mtama ambacho ungeweza kulamba uji juu yake. Nikawaambia watoto kila mmoja alete mavi ya ng'ombe, mabichi, kwenye chochote alichonacho. Walileta kwenye ndoo mbovu, kwenye sufuria zisizo na mashikio, wavulana wawili walileta kwenye shati na wakachapwa. Tuling'oa mbigili na mizizi yake. Tulivunja kichuguu kilichokufa, tukautandaza ule udongo, tukaumwagia maji, tukaupiga kwa magogo tukiimba mpaka ukashikana. Kisha tukapiga magoti mstari mmoja, tukasiriba kwa mikono, tukirudi nyuma taratibu, kama bibi alivyokuwa akifanya. Wanawake waliokuwa wakipita kwenda mashineni walisimama kutuangalia.

"Mwalimu wa mavi!"

"Cheti chake kinanuka!"

Nikawajibu njooni mnuse kwa karibu. Ulipokauka, uwanja ulikuwa wa kijivu, mgumu, laini kama mgongo wa chungu. Tukachora mistari kwa majivu. Mpira uliporuka kwa mara ya kwanza ulirudi juu sawasawa, na watoto walinyamaza wote kuusikiliza.

Sasa angalia nilichokifanya. Mtu wa mjini asingekifanya hata angelipwa. Katikati ya kijiji cha alizeti nilitengeneza kiwanja cha kupuria, kizuri kuliko vyote, nikakiacha kitupu, nikadhani watu wakikiangalia wataona netiboli.

Kwetu kiwanja cha kupuria hakinyimwi. Kikiwa kitupu, jirani akija na mazao yake anaingia, mnasalimiana tu. Na mazao yakishamwagwa juu yake hayaguswi na mkono wa mtu mwingine, wala hayarukwi. Bibi alinichapa utotoni kwa kuruka mtama wa jirani, nadhani ndiyo fimbo pekee aliyowahi kunichapa. Na kuna jambo la tatu. Mazao ya nyumba moja yanamwagwa pamoja, yanapurwa pamoja. Mtoto akisogeza fungu lake pembeni, maana yake amejitenga, anapika chungu chake. Hakuna anayefanya hivyo kwa mchezo.

Msimu wa mavuno ulikuwa unakaribia mratibu aliponiita kando ya gari la mradi. Alisema mradi utamlipia mwezeshaji mmoja akasomee cheti cha michezo chuoni. Mkufunzi angekuja kunitazama nikifundisha, uwanjani kwangu, na watoto wangu. Akinikubali, ninaondoka mwezi wa tisa.

"Na mtoto wangu?"

"Hilo ni la kifamilia, mpenzi."

"Lini anakuja?"

Akanitajia siku. Ilikuwa katikati ya mavuno ya alizeti. Mtu yeyote wa hapa angemwambia hiyo siyo siku, lakini watu wa hapa hawakuulizwa.

Nilikwenda kwa mwenyekiti. Alikuwa amekaa nje ya duka na wenzake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu wa mavi."

Nikameza. Nikamweleza, nikamwomba uwanja uachwe kwa siku moja.

"Uwanja ni wa kijiji," akasema.

"Ndiyo, mzee, lakini nimeusiriba mimi."

"Umeusiriba kwa mavi ya ng'ombe wa nani?"

Wenzake walicheka mpaka mmoja akakohoa. Ni kweli, mengi yalitoka zizini kwake. Alipomaliza kufurahi akajifanya mzazi. "Haya, tutakuachia upande mmoja, wenye goli moja. Upande wa pili tunapuria. Na mimi nina moyo."

Nikampigia mratibu nikidhani atakuja juu kunitetea. "Tusiwakwaze wenyeji," akasema. "Nusu inatosha. Mwalimu mzuri anafundisha popote." Yeye ambaye hata ofisi yake ya mjini inabadilishwa mapazia. Nilitaka kumwambia akae nusu ya kiti siku nzima halafu anipigie. Nilisema sawa, dada.

Mama nilimwambia mwisho. Nilisubiri ashibe.

Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akaonyesha kwa kidevu mwanangu aliyelala kwenye mkeka.

"Na huyu?"

"Nilifikiri wewe, mama, kwa muda tu..."

"Ulifikiri." Akakusanya vyombo. "Kaka yako naye alifikiri. Aliniletea wa kwake, akasema narudi. Nimemlea mpaka anavaa kiatu kikubwa kuliko changu. Kila anayeondoka nyumba hii ananiachia mtoto, kama mimi ni stendi ya kuhifadhi mizigo."

"Mimi nitarudi."

"Wote mnarudi. Mnarudi kusalimia."

Nilikuwa na hasira naye na nilijua anasema kweli, na vitu hivyo viwili havikai vizuri pamoja. Hatukuzungumza tena habari hiyo. Nilichukulia ukimya wake kuwa ni kukubali kwa shingo upande. Akina mama wengi wanakubali hivyo.

Asubuhi ya siku yenyewe nilifika uwanjani jua halijapanda, na ufagio na ndoo ya majivu. Upande wa pili ulikuwa umejaa alizeti ya watu, ya mwenyekiti ikiwa ya kwanza, imelala mpaka juu ya mstari wangu wa katikati. Hiyo niliitegemea. Upande wangu, chini ya goli, nusu duara nzima ya kufungia, kulikuwa na vichwa vya alizeti vimetandazwa vizuri, uso juu. Kando yake lilikuwa tenga letu lenye kamba ya bluu. Na kando ya tenga alikuwa amekaa mama yangu, fimbo mapajani, miguu ameinyoosha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, leo ndiyo ile siku."

"Siku naijua."

"Mwenyekiti aliniachia upande huu."

"Mwenyekiti si baba yangu. Kiwanja hakinyimwi. Bibi yako hakukufundisha?"

Nikachuchumaa mbele yake. "Nakuomba uhamishe. Jioni nitapura yote peke yangu, wewe utakaa. Nakuomba, mama."

Aliangalia barabarani, magari ya mizigo yanavyopita. "Sihamishi."

Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayesema leo kuna upepo. Hapo nikajua alizeti ile haikuletwa kwa sababu imekauka. Nyingine tuliiacha nyumbani, kavu zaidi ya hiyo.

Watoto wakaanza kufika. Walikuja mbio, wakaona, wakasimama ukingoni mwa uwanja kama wamefika mtoni. Hakuna aliyekanyaga. Yule binti mrefu akanisogelea.

"Mwalimu, tusogeze?"

Alikuwa ameficha mikono mgongoni. Angesogeza kama ningesema. Na mama yake alikuwa pale, upande wa pili, na fimbo ya kupuria mkononi. Nikamwambia hapana, mtoto wangu, wewe usiguse.

Mkufunzi akaja na gari la mradi, pamoja na mratibu. Mtu mnene kidogo, suruali ya michezo, kofia imefifia kwa jua. Watoto wakaimba shikamoo. Akaitikia, akaangalia kushoto, akaangalia kulia.

"Uwanja uko wapi?"

"Ni msimu wa mavuno," mratibu akadakia, simu juu, anapiga picha za wanawake. "Ni utamaduni wao. Inapendeza, eti?"

"Sikuja kuona utamaduni, dada. Nimekuja kuona somo." Akanigeukia. "Wewe ndiye mwalimu? Nina vituo vingine, na huku sirudi tena mwaka huu. Unafundisha au nipande gari?"

Wanawake waliendelea kupura. Mama hakuniangalia. Mwanangu alikuwa amekwisha kumkimbilia bibi yake na kukaa kwenye paja lake, karibu na fimbo.

Nikaiangalia ile alizeti. Vichwa vyake vidogo vidogo, kwa sababu shamba letu limechoka. Na nikaanza kukumbuka ni nani aliyeilima. Mama alikuwa na mguu umevimba wakati wa palizi. Niliipalilia mimi, na mtoto mgongoni, mistari yote, nikikimbia saa za jioni kwenda kwa watoto wa mradi na udongo bado uko kwenye kucha. Mkono wa mtu mwingine haugusi. Lakini mkono wangu haukuwa wa mtu mwingine.

Nilivua kanga ya juu, nikaitandika pembeni, nikapiga magoti chini ya goli na kuanza kuchota.

Fimbo zikanyamaza, moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho. Mama alisimama. Alianza kwa Kinyiramba, lugha anayoichukua akitaka neno liingie mfupani, na siwezi kuandika alichosema. Mimi nilichota tu. Nilichota nusu iliyokuwa chini ya goli, na nusu ya mama nikaiacha pale pale alipoitandaza, sikuigusa hata kichwa kimoja. Nilipofunga kanga, akageukia Kiswahili, ili hata wageni wasikie.

"Umejitenga?"

"Nimechukua changu, mama."

"Basi na chungu chako." Akamsimamisha mwanangu chini. "Na mtoto wako."

"Ee! Watoto wa siku hizi!" mwanamke mmoja akasema.

Mwenyekiti naye akatoka nyuma ya lundo lake. "Binti, unamfanyia mama yako hivi kwa ajili ya mpira?"

"Mzee, alizeti yako imelala kwenye mstari wangu. Nyamaza."

Nilimwambia mwenyekiti nyamaza, mbele ya watu. Najua itanifuata. Wakati ule sikuona hata haya.

Nikapiga filimbi. Nilifundisha kutua. Unadaka hewani, unatua kwa miguu miwili, magoti yanalegea, halafu ndipo unafikiri. Nusu ya nusu duara, goli moja, watoto wamebanana kama mahindi kwenye gunzi. Mwanangu alikuwa analia, amenishika mguu, na bibi yake yuko hatua chache amempa mgongo. Nilifundisha naye akining'inia. Sikumwinua, kwa sababu ningemwinua na mimi ningelia. Yule binti mrefu alidaka, akatua, akafunga goli. Mpira ukashuka, ukabingiria kuelekea alizeti ya mama. Ulisimama kabla ya kuigusa.

Mkufunzi alisimama mikono kifuani mpaka mwisho.

"Huyu ni wako?" akauliza, akimwangalia mtoto mguuni.

"Wangu."

"Filimbi unapiga mno, watoto wanakusikia hata bila hiyo. Na huyo mrefu mpunguzie kuruka, magoti yake bado. Mengine utafundishwa." Akavaa kofia yake vizuri. "Mwezi wa tisa uje. Lakini chuoni hatuna bweni la wenye watoto. Hilo nakuambia mapema usije ukalia getini."

Hayo ndiyo mafanikio yangu. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, mkono mmoja na kanga ya alizeti, mkono mwingine na mtoto anayelia, na mama yangu amekaa anapura peke yake na hageuki.

Siku hizi kuna bango la mradi kando ya lami. Ni picha ya asubuhi ile, wanawake na fimbo zao mbele, watoto wangu nyuma kwa mbali, na maneno kwamba jamii imeshirikiana kukuza vipaji. Mama yangu anaonekana vizuri. Mimi sipo. Nikipita pale na beseni langu naangalia upande mwingine.

Nimehamia chumba cha nyuma, tulichokuwa tukiwekea majembe. Napika kwenye mafiga yangu, mama kwenye yake, moshi unachanganyikana juu ya paa moja. Mwanangu anakunywa uji kwake asubuhi na anarudi kula kwangu mchana. Mama anamwekea, anamfuta mdomo, anamrudisha mlangoni kwangu bila kubisha hodi. Hatuzungumzi. Salamu tu, nazo ni kwa sababu mtoto hawezi kumpita mama yake bila shikamoo, hata akiwa na hasira ya kupasua jiwe.

Nitakwenda na mtoto. Nimeshaulizia, kuna nyumba za kupanga karibu na chuo, na fungu langu la alizeti litasaidia kuanzia. Atashikwa na nani nikiwa darasani, sijui. Watu wananiuliza kwa furaha, kana kwamba wamenikamata. Nawajibu nitafundishwa naye akining'inia mguuni, nimeshazoea. Yule dada mratibu aliniambia nifikirie tena, eti labda mwakani mambo yatakuwa mazuri. Mambo ya nani? Labda ya kwake.

Zamu yangu ya kupura ilikuja mwisho kabisa, baada ya mwenyekiti, baada ya majirani, baada ya mama. Waliniachia uwanja umepasuka. Lori la mnunuzi liliingia mpaka katikati kupakia magunia, na kwenye nusu duara yangu kuna alama mbili za matairi ambazo mtoto anaweza kulala ndani. Nilimwaga fungu langu kati ya alama hizo na kuanza kupiga peke yangu. Kupura peke yako ni kazi ya kipumbavu, unapiga, unasimama, unageuza, unapiga tena.

Wasichana walikuja kwa ajili ya mpira. Walinitazama kidogo. Yule mrefu akaniuliza, "Mwalimu, tuguse?" Nikamwambia hii ni yangu, gusa. Wakachukua fimbo, wakajipanga mistari miwili wakitazamana, miguu imeachana, magoti yamelegea. Sikuwapanga mimi siku ile. Walipiga kwa zamu, upande huu, upande ule, na fungu likaisha upesi kuliko nilivyotaka.

Kupepeta nilifanya mwenyewe. Nilisimama na ungo juu ya kichwa, nikamimina, na makapi yote yakanirudia usoni na kwenye punje. Nikamimina tena, yakarudi tena. Macho yaliniwasha mpaka sikuona aliyekuja ukingoni mwa uwanja, nilisikia sauti tu.

"Upepo umegeuka tangu adhuhuri. Unapepeta kama mtu wa ofisini."

Nilifuta macho kwa kanga. Mama alikuwa amesimama nje ya uwanja, hakukanyaga, mwanangu amembeba ubavuni. Nilitaka kumjibu, nilikuwa na mengi, yamejaa mdomoni pamoja na makapi. Nikageukia upande aliosema, nikainua ungo. Makapi yakaenda zake, punje zikaanguka miguuni safi. Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.